Faru Mgeni Kwao

Desemba 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alifikishiwa pembe mbili za faru. Mwenyewe ndiye aliyezitaka. Siku chache kabla, akiwa ziarani Ngorongoro, alikuwa ameuliza swali lililoenea nchi nzima kabla jua halijazama: Faru John yuko wapi?

John alikuwa dume mashuhuri wa Kreta ya Ngorongoro. Desemba 2015 alikamatwa, akapakiwa na kupelekwa Grumeti, magharibi mwa Serengeti, katika eneo linaloendeshwa na mwekezaji binafsi. Agosti 2016 akafa hukohuko. Waliomhamisha walieleza kwamba ubabe wake ulikuwa umezidi: aliwapiga madume wenzake, na sehemu kubwa ya ndama wa Kreta walikuwa damu yake mwenyewe, jambo ambalo lingedhoofisha kizazi. Waziri Mkuu alitaka kujua kibali kilitolewa na nani, kulikuwa na fedha gani katikati, na kama mnyama amekufa kweli, pembe zake ziko wapi. Kamati ikaundwa chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali, Profesa Samuel Manyele. Vinasaba vilithibitisha kwamba pembe zile ni za John. Kamati ilibaini pia kwamba taratibu za kumhamisha hazikufuatwa ipasavyo.

Vijiweni suala hilo liligeuka mzaha wa miezi kadhaa. Lakini kwa watu wa nyanda za juu zinazopakana na Kreta upande wa kusini, safari ya John ilikuwa kipande kimoja tu cha habari ndefu. Faru weusi wa Afrika Mashariki wamekuwa wakipakiwa kwenye makreti kwa zaidi ya miaka sitini. Wamevuka bahari, wamefugwa kwenye ranchi za matajiri na bustani za Ulaya, wamezaa huko, na wajukuu wao wamerudishwa kwa ndege katika nchi wasiyoijua.

Adui mwenye heshima

Ukitoka Karatu kwenda Mbulu mjini, Kreta unaiacha mgongoni. Mashariki ardhi inakatika ghafla na kushuka hadi Ziwa Manyara. Magharibi iko Yaeda Chini, na ng'ambo yake Ziwa Eyasi. Kusini, siku isiyo na mawingu, unasimama Mlima Hanang wenye urefu wa mita 3,417. Leo eneo hili limegawanyika katika wilaya kadhaa na sehemu yake kubwa imo katika Mkoa wa Manyara, ulioanzishwa mwaka 2002. Zamani za ukoloni, Karatu, Babati na Hanang zote zilikuwa chini ya jina moja: Wilaya ya Mbulu. Ni nchi ya Wairaqw wakulima, Wagorowa, Wahadzabe wawindaji, na Wadatoga wafugaji, ambao miongoni mwao ni Wabarbaig wa Hanang.

Wabarbaig walimjua faru kwa jina lake na kwa hasira zake. Katika jadi yao, kijana aliyemuua simba, tembo, nyati au faru kwa mkuki alihesabiwa kuwa amewaondolea watu adui. Alipambwa, akatembezwa kwa jamaa zake, na kila ndugu akamtolea ng'ombe. Kwa hiyo faru alikuwa na cheo kinyume: hakupendwa, lakini hakudharauliwa. Kumkabili ana kwa ana kulihitaji moyo, na mara nyingine ni faru aliyerudi hai.

Uadui wa namna hiyo haukummaliza. Mkuki mmoja na kijana mmoja anayetafuta sifa havimalizi faru wa nchi nzima. Walimmaliza watu wengine, kwa sababu nyingine, kama itakavyoonekana.

Biashara ya makreti

Wazo la kumtoa mnyama pori wa Tanganyika akiwa hai na kumfanya mali lilikuja na Wajerumani. Mwanzoni mwa karne ya 20, karibu na Kilimanjaro, Friedrich Bronsart von Schellendorff alianzisha mradi wa kuwakamata punda milia ili wafugwe. Hesabu yake ilionekana nzuri kwenye karatasi: farasi wanakufa kwa magonjwa ya nchi hii, punda milia hawafi, basi punda milia wavute mikokoteni. Mradi ukafa, kwani punda milia hana haja ya kumtii mtu. Wakati huohuo, ndani ya Kreta ya Ngorongoro yenyewe, ndugu wawili wa familia ya Siedentopf walikuwa na mashamba yao wakifuga ng'ombe katikati ya nyumbu, hadi Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowaondoa.

Biashara yenyewe ilikuwa Hamburg. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama aliyefungua bustani yake maarufu ya Stellingen mwaka 1907, alikuwa na mawakala Afrika nzima. Mmoja wao, Christoph Schulz, aliwakamata wanyama wakubwa katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, kisha akaandika kitabu juu ya kazi hiyo. Njia ya kumkamata faru wakati huo ilikuwa katili: mara nyingi mama aliuawa kwanza, kwa sababu ndama pekee ndiye aliyeweza kubebwa. Kila ndama mmoja aliyefika Ulaya aliacha nyuma mizoga isiyoandikwa popote.

Baada ya vita vya pili gari lilichukua nafasi ya mtego. Arusha ikawa makao ya wakamataji wanyama wenye Land Rover na makamba. Mwishoni mwa 1960 waigizaji wa Hollywood walifika Tanganyika kupiga filamu ya *Hatari!* chini ya mwongozaji Howard Hawks, huku John Wayne akiwa nyota wake. Walipiga picha Momella na maeneo ya karibu na Ziwa Manyara, chini ya ukingo wa nchi ya Mbulu. Mshauri wao alikuwa Willy de Beer, mkamataji halisi wa Arusha, na waigizaji wenyewe ndio waliowafukuza na kuwafunga kamba wanyama unaowaona kwenye filamu. Faru ndiye anayefungua filamu hiyo, akikimbia sambamba na gari na kulipiga pembe ubavuni. Filamu ilipotoka mwaka 1962, dunia ilijifunza neno moja la Kiswahili na kupata picha moja: mnyama wa Tanganyika anakimbizwa nyikani, anaingia kreti, anapelekwa kwa mnunuzi ng'ambo.

Hardy Krüger, mwigizaji Mjerumani aliyekuwemo, aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba huko. Yeye alibaki. Wanyama waliondoka.

Saba wa Kibwezi

Miezi hiyohiyo, kaskazini ya mpaka, mkasa mwingine ulikuwa ukiendelea bila kamera.

Katika wilaya ya Makueni nchini Kenya, kati ya Agosti 1944 na Oktoba 1946, mwindaji wa serikali J. A. Hunter aliwapiga risasi faru 996 ili ardhi igawiwe Wakamba kwa kilimo. Idadi hiyo ni ya kutisha leo. Wakati huo ilikuwa taarifa ya kazi. Faru waliosalia katika nyika ya Kibwezi na Makindu walihesabiwa kuwa kero. Basi mwaka 1961 na 1962 saba kati yao walikamatwa na kusafirishwa hadi Addo, hifadhi ya tembo iliyoko mashariki mwa Jimbo la Rasi, Afrika Kusini. Faru wa asili wa huko walikuwa wamemalizwa kwa bunduki tangu karne ya 19, na wenye hifadhi walitaka kujaza pengo.

Karibu na miaka hiyo, ndani ya Kreta, alizaliwa ndama jike. Mtafiti alimwona kwa mara ya kwanza mwaka 1965, akakadiria kwamba ana miaka mitatu hivi au minne. Akaja kuitwa Fausta.

Saba wa Kibwezi wakastawi ugenini. Addo ina vichaka vizito vyenye majani ambayo faru mweusi huyapenda, ina uzio imara, na haina mbung'o. Wakazaliana. Hapo likatokea tatizo ambalo waliowaleta hawakulifikiria. Wanasayansi walipozidi kuwapambanua faru kwa makundi, ilionekana kwamba hawa wa Afrika Mashariki si wa kundi moja na waliokuwa wakiishi Rasi zamani. Walikuwa wageni. Kwa lugha ya wahifadhi, walikuwa nje ya eneo lao la asili, na hifadhi ya taifa haikutakiwa kuwatunza wageni wakati faru wa kundi la kusini-magharibi wangeweza kuletwa kutoka Namibia. Kuanzia miaka ya 1990 uzao wa Kibwezi ukaanza kuondolewa Addo. Baadhi walirudishwa Afrika Mashariki. Wengine wakaishia kwenye ardhi ya mtu binafsi: ranchi ya Thaba Tholo, kaskazini mwa Afrika Kusini.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana ndipo njia za nchi mbili zinapoachana. Nchini Tanzania mnyamapori ni mali ya umma. Hata akilala shambani mwako, si wako. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inaruhusu bustani, mashamba na ranchi za wanyama, lakini kwa leseni, na mkono wa serikali unabaki juu ya mnyama. Afrika Kusini ilifuata njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1991 kuhusu wizi wa wanyamapori ilimpa mwenye ardhi umiliki kamili, mradi awe amezungushia uzio wa kutosha. Mnyama akitoroka, bado ni wake. Anaweza kumuuza mnadani kama fahali.

Matokeo yake ni maelfu ya ranchi, na ndani yake wanyama wa kila namna, wengine wa mbali na pale walipo. Umiliki huo umewaokoa baadhi ya wanyama na kuwatia wengine hatarini, kwa sababu hatima ya mnyama inafungwa na mfuko wa mwenyewe. John Hume alikuwa na faru weupe wapatao 2,000 kwenye shamba lake. Aprili 2023 alipowaweka mnadani kwa kuelemewa na gharama za ulinzi, hakupatikana mnunuzi hata mmoja. Miezi mitano baadaye shirika la African Parks liliwachukua wote, likiahidi kuwasambaza katika hifadhi mbalimbali za Afrika.

Miaka ya pembe

Wakati uzao wa Kibwezi ukiongezeka Afrika Kusini, ndugu zao wa nyumbani walikuwa wakiisha.

Mtafiti John Goddard alihesabu faru 108 katika Kreta ya Ngorongoro katikati ya miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1990 walikuwa wamebaki kumi na kitu. Hifadhi ya Ziwa Manyara, iliyotangazwa mwaka 1960, ilipoteza faru wake wote. Hanang nako nyanda zilibadilika kwa namna nyingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa msaada wa Kanada, shirika la umma la NAFCO lililima mashamba makubwa ya ngano kuzunguka Basotu, Setchet na Mulbadaw. Trekta zilipita juu ya malisho ya Wabarbaig na makaburi ya wazee wao, na wafugaji wakaenda mahakamani. Katika ugomvi huo wa ng'ombe na ngano, mnyamapori hakuwa na wakili.

Lakini si ngano iliyowamaliza faru. Pembe ndiyo iliyowamaliza. Miaka ya 1970 fedha za mafuta ziliingia Rasi ya Uarabuni, na Yemen ya Kaskazini vijana waliorudi kutoka vibaruani Saudi Arabia waliweza kununua jambia lenye mpini wa pembe ya faru, jambo ambalo baba zao walilitamani tu. Soko la dawa la Asia Mashariki nalo lilikuwepo tangu kale. Mkataba wa CITES ulipiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe mwaka 1977, lakini pembe ni kitu kidogo. Inaingia kwenye gunia na kuvuka bahari. Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyeishi Nairobi, alitumia miongo kadhaa kufuatilia pembe hizo sokoni Sana'a na kwingineko, hadi alipouawa nyumbani kwake Februari 2018. Barani Afrika faru weusi walishuka kutoka takriban 65,000 mwaka 1970 hadi karibu 2,400 katikati ya miaka ya 1990.

Wakati huo ndipo mizani ilipogeuka. Wale waliochukuliwa, waliouzwa, waliosafirishwa kama kero au kama mapambo ya bustani, sasa walikuwa akiba. Ugenini kulikuwa na damu ambayo nyumbani ilikuwa inakauka.

Kurudi

Mwaka 1997 majike wawili kutoka Addo waliingizwa Kreta ya Ngorongoro. Mwaka huohuo wanne walifika Hifadhi ya Mkomazi, kaskazini mashariki mwa Tanzania, ambako mhifadhi Tony Fitzjohn alikuwa amejenga eneo lenye uzio wa umeme. Wanne wengine walifuata mwaka 2001. Mei 2009 Mkomazi ilipokea watatu waliotoka bustani ya Dvůr Králové, Jamhuri ya Cheki.

Juni 2012 zamu ilikuwa ya Uingereza. Port Lympne, katika jimbo la Kent, ilinunuliwa mwaka 1973 na John Aspinall, tajiri aliyepata fedha zake kwenye kumbi za kamari za London na kuzitumia kufuga sokwe, simbamarara na faru kwenye ardhi yake. Wengi walimwona kichaa. Baadaye taasisi ya familia yake ilirudisha wanyama Afrika. Faru watatu walipakiwa Port Lympne wakapelekwa Mkomazi, na mmoja wao, dume, alikuwa na jina la Monduli. Jina la mji wa kaskazini mwa Tanzania lilikuwa limebebwa na mnyama aliyekua chini ya mvua ya Kent.

Kumrudisha faru si kumfungulia mlango. Wiki kadhaa kabla ya safari anazoeshwa kreti: chakula kinawekwa ndani, aingie na kutoka mwenyewe, hadi siku mlango unapofungwa asishtuke. Njiani anapewa dawa ya kumtuliza, si ya kumlaza kabisa, maana akilala kwa saa nyingi uzito wake mwenyewe unamwumiza. Akifika anawekwa kwenye boma na kuanza kufundishwa chakula, kwa sababu aliyezoea majani makavu ya bustani hajui mgunga upi unalika.

Adui mkubwa zaidi haonekani. Mfugaji wa Basotu au Dongobesh angeweza kuwaeleza wataalamu jambo hili bila kitabu. Ukinunua ng'ombe kutoka nchi isiyo na kupe wa kwako, usimchanganye mara moja. Ndigana itamwondoa huku wa kwako wanacheua. Faru ni vivyo hivyo. Aliyezaliwa Ulaya au Addo hajawahi kuumwa na mbung'o, na vimelea vya nagana vinaweza kumwua. Ndiyo maana mitego ya mbung'o ya vitambaa vya buluu na vyeusi huwekwa kuzunguka boma kabla mgeni hajafika. Hata wenyeji hawako salama miaka mibaya: baada ya ukame mkali wa mwaka 2000 kupe waliongezeka Kreta na faru kadhaa wakafa. Mwaka 2003 watafiti walitangaza kimelea ambacho hakikuwa kimejulikana, wakakiita *Babesia bicornis*, na kukihusisha na vifo vya faru weusi.

Wageni wengine

Faru mweusi hakuwa peke yake katika mkasa huu. Kati ya 1966 na 1969, Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt waliwaachilia sokwe 17 katika kisiwa cha Rubondo, Ziwa Victoria. Walikuwa wametoka bustani na sarakasi za Ulaya, hawakufundishwa lolote, na Rubondo haikuwahi kuwa nchi ya sokwe. Wakajifunza wenyewe, wakajenga viota mitini, na wajukuu wao wako huko hadi leo wakimkimbia binadamu kama sokwe yeyote wa porini. Faru walioletwa kisiwani humo miaka hiyo hawakuwa na bahati hiyo, majangili waliwamaliza.

Desemba 2009, katika ranchi ya Ol Pejeta huko Laikipia, Kenya, waliteremshwa faru weupe wanne wa kaskazini kutoka Dvůr Králové: Sudan, Suni, Najin na Fatu. Ardhi hiyo iliwahi kumilikiwa na Adnan Khashoggi, mfanyabiashara wa silaha. Jamii ya faru hao ilikuwa ya Sudan, Uganda na Kongo, si ya Kenya, lakini kwao hapakuwa tena na amani ya kuwarudisha. Walitarajiwa wazae kwa kuona jua la Afrika. Hawakuzaa. Suni alikufa mwaka 2014, Sudan Machi 2018, na jamii nzima ikabaki na majike wawili, mama na binti, wakilindwa na askari wenye bunduki usiku na mchana.

Mwaka wa ndege mbili

Mwaka 2010 unastahili kusimuliwa peke yake.

Mei ya mwaka huo ndege ya mizigo ilitua Seronera, katikati ya Serengeti, ikiwa na faru watano kutoka Afrika Kusini, uzao wa saba wa Kibwezi. Rais Jakaya Kikwete alikuwepo kuwapokea. Walitangazwa kuwa wa kwanza kati ya 32. Mmoja aliitwa George. Desemba hakuwa hai: majangili walimpiga risasi na kuondoka na pembe. Alikuwa amevumilia kreti, ndege, kupe na chakula kigeni. Nchi nzima ilitahayari.

Kati ya matukio hayo mawili, Novemba 2010, ndege nyingine iliruka usiku kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA). Ilikuwa ya jeshi la Qatar, na ndani yake walikuwemo wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwemo. Habari zilipovuja, msemo mpya uliingia katika Kiswahili cha siasa: twiga wamepanda ndege. Bungeni ulirudiwa hadi ukachosha. Mwaka 2014 mahakama ya Moshi ilimhukumu mshtakiwa mkuu, raia wa Pakistani, kifungo cha miaka 60. Alihukumiwa bila kuwepo, kwa kuwa alikuwa ameshatoroka. Wanyama wenyewe hawakurudi.

Katika mwaka mmoja, kwa hiyo, Tanzania ilipokea watano kwa ngoma na kupoteza zaidi ya mia gizani. Mwaka 2016, baada ya tumbili kukamatwa KIA wakiwa tayari kusafirishwa kwenda Albania, serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Juni 2022 tangazo la kufungua milango kwa miezi sita lilitolewa. Siku iliyofuata Waziri Pindi Chana alilisitisha, maana hasira za watu zilikuwa zimeshawaka mitandaoni. Waliokuwa na mazizi ya wanyama waliokamatwa kwa leseni halali walibaki na wanyama wasioruhusiwa kuwauza wala kumudu kuwalisha daima.

Grumeti, Septemba 2019

Hadithi ya John haikufunga mlango wa Grumeti. Mwaka 2007 eneo hilo lilikuwa limepokea faru wawili kutoka Port Lympne. Mwaka 2018 dume aitwaye Eric aliletwa kutoka bustani ya San Diego, Marekani, awe mwenza wa Laikipia, jike aliyezaliwa Uingereza. Na Septemba 2019 waliwasili tisa kwa pamoja, kutoka Thaba Tholo, ranchi ya uzao wa Kibwezi. Rwanda nayo, ambako faru walikuwa wametoweka, ilikuwa imepokea 18 kutoka Afrika Kusini mwaka 2017 na kuwapeleka Hifadhi ya Akagera, kisha watano kutoka bustani za Ulaya mwaka 2019.

Hesabu hiyo inaonyesha kejeli ya historia. Serikali ya kikoloni ya Kenya iliwahesabu faru wa Kibwezi kuwa kero. Hifadhi ya Addo iliwahesabu kuwa wageni. Mwenye ranchi aliwahesabu kuwa mali. Tanzania na Rwanda ziliwahesabu kuwa mbegu. Mnyama ni yuleyule, anakula majani yaleyale, na hana habari na lolote kati ya majina hayo. Idadi ya faru weusi Tanzania imeshavuka 200, na sehemu ya ongezeko hilo inatokana na walioondoka.

Mbulu na Hanang bado hazina faru. Wala Hifadhi ya Ziwa Manyara, wala Tarangire. Mtoto wa Katesh anayejifunza herufi F kwa picha ya faru anaweza kumaliza shule bila kumwona, ingawa babu yake alijua jinsi ya kupanda mti haraka pindi kichaka kikikoroma.

Fausta

Katika muda wote huo, ndama aliyeonwa mwaka 1965 alikuwa bado Kreta. Ukamataji wa Arusha ulipita asikamatwe. Majangili wa miaka ya 1970 na 1980 waliwaua karibu wenzake wote wakamwacha. Majike wa Addo waliletwa wakaishi naye. Mwaka 1993 hivi, dume aliyeitwa Rajabu aliondoka Kreta kwa miguu yake, bila kibali cha mtu, akatembea hadi Moru, Serengeti, akakuta majike wawili na kuanzisha ukoo mpya. Fausta hakwenda popote. Hakuzaa pia.

Uzee ulimfika. Macho yakafifia, na fisi wakaanza kumjeruhi. Mwaka 2016, mwaka uleule nchi ilipokuwa ikiulizia pembe za John, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ilimtoa nyikani na kumweka kwenye boma, akilishwa na kulindwa na watu. Alikaa humo miaka mitatu. Tarehe 27 Desemba 2019 alikufa kwa uzee akiwa na miaka 57, na Mamlaka ikatangaza kwamba huenda ndiye faru mzee kuliko wote duniani. Pembe zake alikuwa nazo kichwani.